Umelala, au umekilalia kitanda tu? Mwongozo kamili wa kupima na kurekebisha usingizi wako

Wanaoniuliza habari za usingizi karibu wote wamekwama mahali pamoja. Wamechoka, wameambiwa "lala mapema", wakaingia kitandani saa 2 usiku na kugaagaa mpaka saa 6. Kesho yake wanaingia mapema zaidi ili kufidia. Ikifika wiki ya tatu wanaanza kukiogopa kitanda chenyewe.

Wameanza na saa ya kulala, na saa hiyo hakuna binadamu anayeweza kuiamuru. Usingizi hauitwi ukaja. Saa iliyo mikononi mwako ni ya kuamka, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inatumia hesabu ya iliyotangulia. Tenga wiki 6.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari la mistari na kalamu, vikae kando ya kitanda.
- Saa ya kengele ya kawaida, ya betri. Simu italala chumba kingine, au angalau mbali na mkono.
- Chandarua kisicho na matundu. Kama ni kipya na kina dawa, kitandaze kivulini kwa masaa 24 kabla ya kukitumia.
- Feni kama una umeme. Kama huna, beseni la maji na kitambaa cha pamba.
- Kitambaa kizito cha dirishani. Kanga mbili zilizokunjwa pamoja zinatosha.
- Kiti au mkeka nje ya kitanda, pamoja na taa hafifu. Vitu hivi viwili watu huvidharau, halafu ndivyo vinavyobeba kazi yote ya hatua ya 6.
- Mtu wa kukusikiliza ukiwa umelala: mume, mke, ndugu mnayelala naye chumba kimoja.

## Hatua ya 1: Pima kwa siku 7 bila kubadili chochote

Kila asubuhi, kabla ya chai, andika mambo matano: uliingia kitandani saa ngapi, ulipitiwa na usingizi saa ngapi, uliamka katikati mara ngapi na kwa muda gani, uliamka mara ya mwisho saa ngapi, na ulitoka kitandani saa ngapi. Kisha fanya hesabu mbili: masaa uliyokaa kitandani, na masaa uliyolala kweli.

Nitumie daftari la shangazi yangu wa Tanga, kwa ruhusa yake. Nilipofika kwake nikamwamkia, "Shikamoo shangazi, umelalaje?" akajibu, "Marahaba mwanangu. Mimi silali. Nahesabu mabati tu mpaka adhana." Alisema hivyo kila siku, na nilimwamini, mpaka tulipoanza kuandika. Mstari wake wa siku ya tatu ulikuwa hivi:

Kitandani saa 2:30 usiku. Usingizi saa 4:00. Nimeamka saa 8:00, nimelala tena saa 9:30. Nimeamka na kutoka saa 11:00 alfajiri.

Kitandani: masaa 8 na nusu. Usingizi wa kweli: masaa 5 na nusu. Gawanya 5.5 kwa 8.5, zidisha kwa 100: unapata 65. Yaani katika kila dakika 100 alizokaa kitandani, 35 alikuwa macho. Kumbe alikuwa analala, ila usingizi wake ulikuwa umetandazwa juu ya muda mrefu mno, kama siagi kidogo kwenye mkate mzima.

Sababu ya kupima kwanza: kumbukumbu ya usingizi hudanganya pande zote mbili. Anayekesha hukumbuka yale masaa ya macho tu. Aliyezoea kulala kidogo naye hajioni. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha majaribio ya watu waliolazwa masaa 6 au pungufu kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulishuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mmoja mpaka miwili, huku wenyewe wakidhani wamesinzia kidogo tu.

Onyo: usiangalie saa usiku ili upate dakika kamili. Kadiria asubuhi. Kila ukitazama saa, akili inaanza kuhesabu masaa yaliyobaki, na hapo usingizi umekwisha kuruka.

Ukifanikiwa: una mistari saba. Ukikosa mmoja, endelea na sita. Usijaze wa kubuni.

## Hatua ya 2: Jua uko kundi gani

Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi ya usingizi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji 8 hadi 10, na watoto wa shule ya msingi 9 hadi 12, kwa hiyo mtoto anayeamshwa saa 10 alfajiri kuwahi basi la shule anatakiwa awe amelala saa 1 usiku. Ni nyumba chache zinazoweza hilo, na tusimwite mvivu akisinzia darasani.

Usingizi mzuri una dalili zake: unapitiwa ndani ya dakika 30, huamki kwa muda mrefu zaidi ya mara moja, na asilimia yako (ile ya hatua ya 1: masaa uliyolala kugawanya kwa masaa ya kitandani, mara 100) ni 85 au zaidi. Sasa chukua wastani wa daftari lako.

Kundi la kwanza: asilimia iko juu, masaa ni machache. Ukigusa mto umezama, lakini unalala masaa 5. Huna ugonjwa wa usingizi, una upungufu wa muda. Fanya hatua ya 3 hadi 5, ruka ya 6, kisha kila wiki ingia kitandani mapema zaidi kwa dakika 15.

Kundi la pili: masaa mengi kitandani, asilimia chini ya 85. Hapa ndipo alipokuwa shangazi. Fanya hatua zote.

Kundi la tatu: masaa 7 au 8, asilimia nzuri, na bado mchana unasinzia. Wewe soma hatua ya 7 leo hii. Wingi unao, kuna kitu kinachoharibu ubora.

Kama huna hakika kama kusinzia kwako kumezidi, tumia kipimo cha Epworth, kilichotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Jipe alama 0 (siwezi kusinzia) hadi 3 (lazima nisinzie) kwa hali nane: ukiwa umekaa unasoma, ukitazama televisheni, ukiwa umekaa kimya mahali pa watu kama mkutanoni, ukiwa abiria garini kwa saa nzima bila kusimama, ukijinyoosha kupumzika mchana, ukiongea na mtu mmekaa, ukiwa umetulia baada ya chakula cha mchana bila pombe, na ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Jumla ikizidi 10, kusinzia kwako si kwa kawaida.

## Hatua ya 3: Funga saa ya kuamka

Chagua saa moja ambayo unaweza kuamka siku zote saba, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Anayeswali alfajiri tayari anayo. Kengele ikilia, simama, fungua dirisha au toka nje, ukae kwenye mwanga dakika 20 hadi 30. Kufagia uwanja kunatosha. Kama umeamka kabla ya jua, washa taa, kisha utoke kunapopambazuka.

Sababu: ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kiini kidogo kinachoongoza saa ya mwili. Mwanga wa asubuhi ndio unaokirekebisha kila siku, na kuanzia hapo mwili unapanga muda wa kutoa melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Ukiamka leo saa 11 na kesho saa 4 asubuhi, unaihamisha saa hiyo kama mtu aliyesafiri kwa ndege kwenda nchi ya mbali, bila kutoka mtaani kwako.

Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi tumejaliwa: jua linachomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na tofauti ya miezi haifiki saa nzima. Ndugu zetu wa London na Toronto wakati wa baridi hawana bahati hiyo. Wao wawashe taa zote za nyumba mara wanapoamka na kutoka nje kunapokucha.

Onyo: usiku ukiwa mbaya, usilipize asubuhi. Hapo ndipo wengi wanapovunjikia. Ukiwa umelala masaa 4, bado unaamka saa ileile, na hilo deni ndilo litakalokuvuta usiku unaofuata.

Ukifanikiwa: baada ya siku 10 hivi utaanza kuamka dakika chache kabla ya kengele.

## Hatua ya 4: Ondoa vinavyoiba usingizi mchana

Kafeini kwanza. Mchana kutwa ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na hiyo ndiyo inayoleta uzito wa macho jioni. Kafeini hukaa kwenye nafasi ya adenosini na kuizuia isisikike. Nusu yake hubaki mwilini baada ya masaa 5 hivi. Kwa hiyo kahawa chungu ya kijiweni ya saa 2 usiku, pamoja na kashata yake, saa 7 usiku bado iko nawe nusu. Wapo wanaosema "mimi kahawa hainizuii kulala", na wanasema kweli kwamba wanapitiwa. Daftari lao ndilo linaloonyesha wanavyoshtuka katikati ya usiku. Weka mpaka saa 8 mchana. Chai ya rangi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vimo humo humo. Barazani nenda, mazungumzo yana faida yake, ila omba chai ya tangawizi isiyo na majani.

Mirungi na sigara navyo huamsha. Pombe ni mwongo wa aina nyingine: inakuzimisha upesi, kisha nusu ya pili ya usiku inakukatakata usingizi, tena inapunguza ule usingizi wa ndoto.

Kulala mchana kunaruhusiwa kwa kundi la kwanza na la tatu: dakika 20, kabla ya saa 9 alasiri, kwa kengele. Kundi la pili lisilale mchana kabisa kwa wiki hizi, maana kila dakika ya mchana linaikopa usiku.

Chakula kizito kiishe masaa mawili au matatu kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani hesabu hii yote inavurugika kwa ajili ya daku, kwa hiyo usianze mpango huu ndani yake, subiri Shawwal.

## Hatua ya 5: Tengeneza chumba

Joto. Ili ulale, joto la ndani ya mwili linabidi lishuke kidogo. Chumba cha mabati cha pwani mwezi wa pili kinapinga hilo kwa nguvu zote, kwa sababu bati lililochomwa kutwa huendelea kumwaga joto ndani jua likishazama. Jioni jua likipoa, fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo upite, kisha uyafunge kwa nyavu kabla mbu hawajaingia kwa wingi. Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mawili kabla ya kulala. Maji ya uvuguvugu huleta damu kwenye ngozi, na mwili unatoa joto lake nje. Maji ya barafu hubana ngozi na kukuchangamsha.

Chandarua. Watu wengi wa pwani wananiambia wanakikunja kwa sababu ya joto, na malalamiko yao ni ya kweli: wavu unapunguza upepo. Lakini mbu wa malaria hung'ata zaidi usiku mtu akiwa amelala, na homa haitakupa usingizi. Kinachosaidia ni kukifunga vizuri. Cha pembe nne, kilichokazwa kwenye misumari minne hata kikasimama kama chumba kidogo, kinakuachia hewa kuliko kilichokulegea usoni. Sogeza feni ipulize moja kwa moja kwenye wavu kutoka karibu, usawa wa kitanda, badala ya kuitegemea ya darini. Umeme ukikatika, loanisha kitambaa, kikamue, ujipanguse shingo, mikono na miguu, na usijikaushe.

Baridi ya nyanda za juu. Kwa wasomaji wa Njombe, Mbeya, Limuru na Bukavu: usiingize jiko la mkaa chumbani usiku ili upate joto. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Ongeza blanketi, vaa soksi.

Kelele na mwanga. Mziki wa jirani huwezi kuuzima, lakini mngurumo wa feni unaufunika kiasi, na pamba za masikio za duka la dawa hupunguza kilichobaki. Hakikisha tu bado unaisikia kengele, na mtoto akilia. Dirisha lifunike kwa zile kanga. Taa za ndani zipunguze saa moja kabla ya kulala.

Anayefanya kazi ya ulinzi au zamu ya usiku hospitalini achukue hatua hii kwa uzito maradufu: giza la kanga mbili, miwani ya jua wakati wa kurudi nyumbani kama hatembezi chombo, na familia iambiwe wazi kwamba saa 3 asubuhi kwake ni usiku wa manane.

## Hatua ya 6: Punguza muda wa kitandani

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayotibu. Ina sehemu mbili. Ya kwanza, kuondoka kitandani ukiwa macho, aliielekeza mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972. Ya pili, kubana muda wa kitandani, ni ya Arthur Spielman na wenzake, 1987. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilipendekeza kwamba tiba yenye mbinu hizi itangulie kabla ya vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi.

Usiifanye peke yako kama unaendesha gari, bodaboda au mashine, kama una kifafa, kama umewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kama ni mjamzito, au hujafika miaka 18. Muone mtaalamu kwanza. Wiki ya kwanza utasinzia kweli.

Chukua wastani wa masaa unayolala kweli, ongeza nusu saa. Huo ndio muda wako wa kitandani, na usishuke chini ya masaa 5 na nusu. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka saa yako ya kuamka. Shangazi alilala masaa 5 na nusu, akapewa 6. Anaamka saa 11 alfajiri. Basi haruhusiwi kupanda kitandani kabla ya saa 5 usiku.

Alinitazama kama nimemtukana. "Mimi nakuambia silali, wewe unanizuia kulala?"

Mpaka saa 5 inafika, kaa nje ya kitanda, kwenye mwanga hafifu. Ukishapanda, kitanda ni cha kulala na tendo la ndoa tu. Simu, mahesabu ya vikoba, ugomvi na mkwe, vyote vibaki sebuleni. Ukihisi zimepita kama dakika 20 hujapitiwa, ondoka. Nenda kwenye kile kiti, fanya jambo la kuchosha, rudi macho yakiwa mazito. Rudia hata mara tano.

Siku ya nne nilimkuta saa 8 usiku kwenye mkeka sebuleni, taa ndogo kando, anachambua choroko. Alikuwa akitenga vijiwe kwa kidole kimoja na kuvisukuma ukingoni mwa ungo. Mkono ukapunguza mwendo, ukasimama, kichwa kikashuka. Nikamgusa bega aende kitandani, maana ukisinzia mkekani umeharibu kazi: mwili ujifunze kwamba usingizi unapatikana pale kwenye kitanda. Akalala mpaka adhana. Choroko zilipikwa Jumapili.

Mzee au mwenye miguu dhaifu awe na taa karibu na njia isiyo na vitu, asije akaanguka.

Sababu: ukikaa macho kitandani kwa miezi, ubongo unakihusisha kitanda na kuwaza. Ukibana muda, usingizi uliokuwa umetawanyika unajikusanya, unakuwa mzito.

Ukifanikiwa: wastani wa siku 7 ukifika asilimia 85, ongeza dakika 15 kwa kupanda kitandani mapema zaidi. Ukiwa chini ya hapo, kaa palepale wiki nyingine. Endelea hivyo mpaka mchana husinzii.

## Hatua ya 7: Wakati wa kwenda hospitali

Muulize yule anayekusikiliza ukiwa umelala swali moja: "Nikikoroma, huwa pumzi inakatika?" Kama anasema unakoroma kwa nguvu, unanyamaza, kisha unashtuka kama anayepaliwa, hiyo ni njia ya hewa inayoziba usingizini. Inaenda pamoja na presha ya damu, inakuchosha hata ukilala masaa 9, na hakuna hatua kati ya zilizotangulia itakayoitibu. Ukiona hivyo, mfuate daktari akupime.

Nenda pia kama:

- unakosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu;
- miguu inakuwasha au kukuvuta jioni mpaka uitembeze, jambo ambalo mara nyingine hutokana na upungufu wa madini ya chuma;
- unaamka kukojoa mara nyingi na una kiu isiyoisha;
- huzuni imekaa, hamu ya mambo imekwisha. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho, mwambie mtu leo;
- umewahi kusinzia ukiwa umeshika usukani, hata mara moja.

Nenda na daftari lako. Daktari ataelewa kwa dakika moja kile ambacho ungejieleza kwa nusu saa.

Na tafadhali, usijinunulie diazepamu dukani. Mwili unaizoea upesi, unataka zaidi, na kuiacha ghafla ni hatari. Vidonge vya mafua vinavyosinzisha navyo vinakuacha na kichwa kizito asubuhi. Kama tayari unatumia dawa ya usingizi kila siku, usiiache mwenyewe. Daktari ndiye wa kuipunguza kidogo kidogo.

## Hatua ya 8: Pima tena wiki ya sita

Rudia hatua ya 1, siku 7, bila kutazama namba za zamani mpaka umalize. Usitegemee usiku usio na doa. Kuamka mara moja, kugeuka, kulala tena ni kawaida, kwa sababu usingizi wenyewe huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90 na kila mzunguko unapoisha unakaribia kuamka.

Mstari wa mwisho wa shangazi, kwa mwandiko wake: Kitandani saa 4:00. Usingizi 4:15. Nimeamka mara moja, kama dakika 25, paka. Nimetoka saa 11:00. Masaa 6 na dakika 20, asilimia 90.